Habari za Kazi

Mume wangu ni seremala. Alitoka Malawi na begi moja la nguo na gunia zima la zana, akanioa, akahamia kwetu Bigwa. Kwetu Waluguru si ajabu mwanaume kuja kukaa upande wa mkewe. Ila mjomba wangu hakuacha kumtania: "Mkwe, wenzio walikuja na jembe. Wewe umetuletea faili!"

Na faili lilikuwepo kweli. Tulikuwa tumeomba ukaazi wa kudumu, ombi likapanda juu, likakaa huko kama limejengewa nyumba. Bila kibali cha kazi, mume wangu hakuruhusiwa kuajiriwa popote. Kila Ijumaa alitoa randa na patasi zake, akazipaka mafuta, akazirudisha guniani. Mwenye karakana moja mjini alimtaka sana, akaahidi kumwekea meza mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, angempa fundi mwingine.

Kila mtu alituambia tusubiri kwanza ombi kubwa lijibiwe. Mimi nikasema, ngojeni nisome. Kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima, nimebanana dawati moja na mabinti wanaoniita mama. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na fomu niliisoma mara elfu moja, mpaka herufi zikaanza kuniamkia. Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafutwa kwa tochi, nikakuta kwamba mtu ambaye ombi lake la ukaazi bado linashughulikiwa anaweza kuomba kibali cha kazi, mradi aambatishe stakabadhi ya ombi hilo na barua ya mwajiri. Nilipiga kigelegele nadhani kilisikika hadi kule Mkuyuni.

Mwenye karakana akatupa barua yake; ya maombi nikaiandika mwenyewe kama nilivyofundishwa: anwani kulia, YAH katikati, mstari chini yake umenyooka kama reli.

Kwenye ofisi ya vibali tukapokewa na dada mmoja mchangamfu. "Karibuni. Kaka, habari za kazi?"

"Nzuri sana, dada. Zinaendelea."

Kalamu ikasimama. "Zinaendelea wapi?"

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Mtu amekuja kuomba ruhusa ya kufanya kazi, halafu kazi zinaendelea! Nikaiona ile meza ya karakana inaondoka na miguu yake minne.

"Dada yangu, hiyo ni salamu tu," nikasema. "Nimemfundisha mwenyewe. Nilimwambia huku kwetu ukiulizwa habari ya chochote, ni nzuri. Hebu muulize za watoto."

Akamgeukia. "Haya, kaka, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, dada. Wanakusalimu."

"Mnao wangapi?"

"Bado hatujapata," akajibu mume wangu, kwa heshima zote.

Yule dada alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, akachukua barua, akaisoma yote bila haraka. "Mwanasheria wenu anajua kuandika."

"Mwanasheria ndiye mimi. Wa masomo ya jioni."

Akaniangalia upya, kuanzia kilemba. Jamani, nilitoka pale nimevimba hadi milima ya Uluguru ikanipisha njia.

Kibali kilitoka siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, na meza tukaikuta ipo. Ombi kubwa liko huko huko juu hadi leo. Likae, halitusumbui.

Wiki ile ile ya kwanza mjomba akapita karakanani, na mimi nimepeleka chakula cha mchana. Mume wangu akamwamkia.

"Marahaba, mkwe. Habari za kazi?"

Mume wangu aliweka randa chini, akapangusa mikono, akatoa mfukoni kibali kilichovishwa plastiki, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mjomba akakisogeza mbali, akakisogeza karibu, mwisho akanipa mimi. "Soma wewe, mwenye shule."

Nikakisoma kwa sauti, kuanzia jina hadi mhuri. Mafundi wakazima mashine kunisikiliza. Nilipomaliza, mume wangu akamgeukia mjomba.

"Nzuri," akasema.