Jiko Lililozimwa Chini ya Kilele

Wapagazi walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, naye alishachoka kubishana nao. Alikuwa mpishi wa msafara wa kupanda mlima, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Kabla ya hapo alipika shuleni, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Mumewe alipofariki, na shule nayo ikaleta wapishi wengine, kaka yake alimpeleka kwa mwenye kampuni ya kupandisha wageni na kusema wazi kwamba dada yake asipochukuliwa, basi na yeye hapandi. Watu walicheka sana. Mwanamke na jiko la gesi kule kwenye barafu! Walicheka mpaka walipoonja supu yake, wakanyamaza, kwa kuwa midomo ilikuwa imepata kazi nyingine.

Huyo kaka ndiye aliyeongoza msafara, na kila mtu alimwita Kapteni. Alikuwa mfupi, kifua mbele, na mdomo wake haukujua likizo. Msimu ule mwenye kampuni alikuwa akitafuta mkuu wa waongozaji wote, mtu wa kukaa ofisini na kupanga safari za wenzake, na Kapteni aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Magoti yalikuwa yameanza kumlalamikia. Aliamini kwamba akiwafikisha wageni wake kileleni, kiti ni chake, na akiwarudisha njiani atakikalia mwingine. Njia nzima alimpigia dada yake hadithi za kiti hicho, mpaka Shangazi akamuuliza kama kina magurudumu.

Kupika mlimani si sawa na kupika nyumbani. Kule juu maji huchemka upesi lakini moto wake hautoshi, kwa hiyo viazi hukaa jikoni weee na kutoka vigumu kama vilivyoingia, na maharage ndiyo usiyataje kabisa. Maji yenyewe si ya kuchota, ni barafu inayopasuliwa kwa sururu na kuyeyushwa. Hata hivyo, kazi kubwa ya Shangazi ilikuwa kutazama sahani zikirudi. Kila mgeni alikuwa na sahani yake ya bati yenye rangi yake. Mtu ambaye mlima umeanza kumkataa atakuapia kwamba kichwa hakimuumi na usingizi ameupata, huku chakula chake amekisukuma pembeni bila kukigusa. Shangazi akiona hivyo, humnong'oneza kaka yake. Kapteni naye hakuwa na mchezo: alimpima mgeni, akamsikiliza kifua, na ikibidi akamteremsha siku hiyohiyo, alie asilie. Nani apande na nani ashuke, neno lake lilikuwa la mwisho.

Wafanyakazi wenyewe hawakuwa na sahani. Walikula kwenye sinia moja kubwa, wamechuchumaa kulizunguka ndani ya hema la jiko, mikono inapishana na utani unaruka. Sinia lilibaki jeupe kila mara. Ndiyo maana hakuna aliyejua, hata Shangazi mwenyewe, kwamba kwa siku kadhaa Kapteni alikuwa anapeleka mkono kwenye sinia na kuurudisha mtupu.

Shangazi aligundua kwa bahati tu. Kwenye kambi ya mwisho, chini ya kilele, upepo ulikuwa mkali hata wapagazi wakakataa kutoka hemani mwao, na Shangazi akawapelekea sinia hukohuko. Akampakulia kaka yake peke yake kwenye bakuli. Ilikuwa alasiri, wageni wamejilaza wakingoja kuondoka alfajiri. Kapteni aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa akaanza maneno yake: hali ya hewa, kamba, ofisi, kiti. Kijiko kilizunguka ndani ya bakuli wala hakikupanda mdomoni. Na kila baada ya maneno machache alinyamaza avute pumzi, kama mtu aliyepandisha ngazi na ndoo ya maji, ilhali alikuwa amekaa.

"Kaka, kula."

"Si nakula?"

"Huli. Unakoroga."

"Wewe nawe! Unataka kunilisha kama mtoto?"

"Asubuhi ulikula nini?"

Kapteni alikohoa, na chini ya kikohozi kile Shangazi akasikia kitu kingine kifuani, kama sufuria inayotokota huku imefunikwa. Hofu ikamshika. Kifua cha namna hiyo alishawahi kukisikia, kwa mgeni mmoja aliyechelewa kuteremshwa, na mgeni yule hakufika chini akiwa hai.

"Unashuka leo," alisema.

Kapteni akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Mimi? Mlima huu unanijua. Hayo ni magonjwa ya wageni."

Wala hakuwa anatania, wote waliamini hivyo. Miaka nenda miaka rudi walimchunguza kila mgeni kuanzia macho mpaka kucha, na hawakuwahi kumchunguza mtu wao hata mara moja. Shangazi naye alikuwamo katika upumbavu huo.

"Halafu nani wa kuniteremsha?" Kapteni akaongeza. "Anayesema nani ashuke ni mimi."

Hapo alisema kweli. Shangazi akamwita msaidizi wa Kapteni, mwanamume mpole ambaye kwa urefu wake aliitwa Mlingoti. Mlingoti akasikiliza yote huku akizikagua buti zake.

"Shangazi, bosi ni yeye," alisema mwishowe. "Akisema tunapanda, mimi nani?"

Shangazi alifunga gesi, moto ukazimika. Akachomoa mpira wa gesi, akaubeba mtungi mpaka mlangoni mwa hema, kisha akarudi kuchukua sufuria kubwa ya maji yaliyoyeyushwa kwa ajili ya chupa za wageni, akayamwaga yote nje kwenye mawe. Akaketi juu ya mtungi.

"Anayetaka maji ya kupandia," alisema kwa ile sauti yake, "aje aninyanyue."

Kambi nzima ilitoka. Mgeni mmoja, daktari wa meno aliyekuwa ameuota mlima huu tangu ujana wake, aliuliza kuna nini, na alipoelezwa akaanza kulia waziwazi. Wapagazi walitazamana, lakini hakuna aliyesogea karibu na mtungi. Ndipo Kapteni akatoka kwa hasira, begi la safari mgongoni, amfokee dada yake mbele ya watu. Alifungua mdomo, akasema "Ondoka," na neno la pili halikuja. Pumzi iliisha. Akashika nguzo ya hema kwa mikono yote miwili, midomo imegeuka rangi, na kila mtu akamwona.

"Nisamehe, bosi," Mlingoti alisema, akamvua begi mgongoni.

Bila Kapteni hakukuwa na mwenye kibali cha kuwafikisha wageni kileleni, kwa hiyo walishuka wote, daktari wa meno akigeukageuka nyuma. Kapteni alibebwa mgongoni kwa zamu. Mwanzoni alimtukana kila aliyembeba, baadaye akanyamaza, na ukimya ule ulimtisha Shangazi kuliko matusi. Hospitalini waliambiwa mapafu yalikuwa yamejaa maji. Mganga aliuliza nani aliyeamua ateremshwe mapema. Kapteni akasema aliamua mwenyewe.

Kiti kilipata mtu mwingine. Kapteni alikatazwa kupanda tena, akarudi nyumbani kwa mama yao na kufungua kibanda cha kutengeneza baiskeli uani. Shangazi aliendelea na kazi. Aliwanunulia wafanyakazi sahani, nao wakanung'unika kwamba chakula kimepungua utamu, akawaambia wazoee. Lakini kaka yake hakumsemesha tena. Akiingia yeye kwa mlango wa mbele, mwenzake hutokea wa nyuma. Shangazi aliumia moyo, na hakujifanya kwamba haumii.

Siku moja, mwaka umeshapita, alikuwa sebuleni na mama yake wakichambua mchele.

"Mwanangu, mwombe radhi nduguyo, yaishe."

"Radhi ya nini, mama?"

"Ya kiti. Anasema ulimnyang'anya."

Kabla hajajibu, uani kulizuka kelele. Kapteni alikuwa amemvaa mteja aliyerudisha gurudumu, na alimpa maneno yake: alivyoliziba vizuri, miiba ilivyojaa njiani, watu wasivyo na shukrani, akaingia mpaka kwenye ukoo wa yule mteja, yote kwa mkupuo mmoja. Shangazi aliacha mchele akasikiliza hadi mwisho.

"Umemsikia?" aliuliza.

"Nani asiyemsikia? Ndivyo alivyo kutwa nzima."

"Hajatua hata mara moja kuvuta pumzi," Shangazi alisema, na machozi yakamtoka. Mama yake alidhani analilia ule ugomvi wao, akamshika mkono, naye hakumsahihisha.