Gauni la Njano la Ile Filamu

Mtaa mzima ulimwita Bi Sinema, na jina lilimkaa vizuri hata mumewe akalizoea, hasa akiwa na njaa. Wageni walidhani labda ujanani alikuwa akikata tiketi mlangoni mwa jumba la sinema, au aliwahi kuigiza. Wapi! Bi Sinema alikuwa fundi cherehani tangu hajaolewa mpaka sasa ana wajukuu. Maisha yake yalipita katika chumba kimoja cha mbele chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Cherehani ilikaa upande wa mwanga, meza ya kukatia upande wa pili, na katikati palikuwa na njia nyembamba ambayo wateja wanene waliipita kiubavuubavu.

Alikuwa mtu wa raha zake. Macho bado yalimtii, ila magoti ndiyo yalikuwa na maneno mengi. Siku hizi alishona sare za shule na mapazia, bila haraka, na akichoka alivuta kiti dirishani akawakagua wapita njia. Huyu pindo limelala vizuri, yule mabega yamemzidi, na yule kule, aliyemshonea lazima walikuwa na ugomvi. Ukimuuliza habari za maisha atakuambia hana la kulalamika, na hasemi uongo, isipokuwa kwa jambo moja. Alikuwa na kijiba cha moyo, cha miaka na miaka, na kilitokana na hilo hilo jina lake.

Zamani, watoto wake wakiwa wadogo, mjini palikuja filamu moja ikagoma kuondoka. Zilizotangulia zilikuja zikapita. Hii ilikaa, ikaondolewa, watu wakalalamika mpaka ikarudishwa. Ilikuwa na jina lake, refu kama jina la dawa ya hospitali, lakini watu waliiita Ile Filamu na kila mtu alielewa. Ilikuwa habari ya msichana mpokea simu, anayewaunganisha watu wa mji mzima na yeye mwenyewe hana wa kumpigia. Mwishoni anaacha kazi, anavaa gauni jipya, anashuka ngazi za stesheni kwenda kupanda treni. Basi. Wanawake walitoka humo ndani leso zimelowa, na kesho yake walikuwa mlangoni kwa fundi wakilitaka gauni la kwenye ngazi.

Kasheshe ni kwamba fundi hakuwa ameliona. Alikwenda, ndiyo, na kitindamimba wake mapajani, lakini mtoto akaangua kilio mpokea simu akiwa bado yuko kazini, watu wa nyuma wakaguna, ikabidi atoke. Kwa hiyo akawauliza wateja. Mmoja akasema gauni lina kola. Mwingine akaapa halina kola hata kidogo, lina utepe. Huyu marinda, yule limebana. Bi Sinema akawasikiliza wote, akawaambia haya, nimeelewa, kisha akafunga mlango akashona la kichwani mwake.

Akalitia kola pana, iliyolala mabegani bila kujikunja. Kiuno akakishika, chini akaliachia lipumue. Ubavuni akaweka mfuko mkubwa, maana wanawake wa mtaa ule walitembea na funguo, na msichana wa kwenye filamu, kwa muda aliomwona, hakubeba hata kitana. Rangi ikawa njano kwa sababu mumewe alikuwa amemletea jora zima la njano lililokataa kununuliwa, na kila akiulizwa alijitetea kwamba dukani lilionekana zuri.

Mteja wa kwanza alijitazama kwenye kioo, akajigeuza, akaingiza mkono mfukoni akautoa. "Ndilo hilihili," akasema. Wa pili naye akasema ndilo hilihili. Jora likaisha, likatafutwa jingine. Njano ikaenda harusini, ikaenda kwenye mahafali, ikaenda studio kupigwa picha. Muongo wote ule, ukisimama dirishani pale, hukosi kuona njano mbili tatu zikipita.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Fundi Suti, mshona makoti na suruali, mtu wa kunyoosha mstari na shingo. Kuona hivyo naye akaanza kushona la njano. Aliwaambia wateja kwamba lake ndilo halisi, kwa kuwa filamu yeye ameiona vizuri kwa macho yake, na kwamba jirani yake ni mwiga tu, tena mwiga wa kusikia. Neno likavuka barabara likamfikia mwenyewe. Bi Sinema hakugombana naye. Walisalimiana kila asubuhi, wakazeeka wakisalimiana, lakini lilimkaa. Watu walimpenda, walimpa jina, walimsifu, ila walimsifu kwa kunakili. "Umelipatia kabisa," walimwambia, kana kwamba amepatia chumvi katika mchuzi wa mtu mwingine. Hakuna aliyewahi kumwambia, hili ni lako.

Sasa, mjukuu wake mkubwa alikuwa mkutubi katika maktaba ya mji, na Jumamosi moja aliingia na habari motomoto kabla hata hajavua viatu. Maktaba ingefanya jioni ya kuukumbuka muongo ule, na badala ya hotuba wangeonyesha filamu moja. Alikuwa amezunguka na kinasa sauti akiwahoji wazee, na karibu kila mmoja alimtajia Ile Filamu. Kwake hoja ilikuwa imekamilika: ipo filamu inayoweza kuubeba muongo mzima mgongoni, nayo ni hii. Mkuu wake wa kazi alikuwa na mashaka. Alimwambia kwamba filamu ni filamu, watu hawakuishi humo ndani.

"Huyo mkuu wako ana akili," akasema babu kutoka kwenye kochi. Babu, mumewe Bi Sinema, alikuwa mstaafu wa idara ya maji. "Mimi muongo ule naukumbuka kwa mabomba. Yalipasuka mtaa hadi mtaa. Kuna filamu yenye bomba hata moja?"

Mjukuu akamwambia kwamba watu hawalii wakikumbuka mabomba. Babu akajibu kwamba yeye amewahi kulia, tena kwa sauti. Wakabishana hivyo wakifurahi, lakini mwishowe mzee mwenyewe akakiri kuwa filamu aliipenda, na kwamba hawezi kusahau lile gauni la njano likishuka zile ngazi, linawaka kama taa.

Bi Sinema akaweka mkasi chini. Akawaambia waziwazi kwamba gauni la njano halikuwa la kwenye filamu. Ni lake. Kola aliitoa kichwani, mfuko aliutoa kichwani, na njano ilikuwa ni lile jora la babu lililododa. Halafu akaongeza kwamba ile filamu yenyewe haikuwa na rangi, ilikuwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo.

Hapo walicheka wote wawili, na babu ndiye aliyecheka zaidi. Mjukuu akamkumbatia, "Bibi na utani wako." Sauti za wazee alikuwa nazo, wote walieleza njano ileile, mmoja mpaka akatokwa na machozi. Watu wazima wote hao wawe wameota? Babu akaapa kwamba aliiona kwa macho yake mawili, tena wakati huo yalikuwa hayajahitaji miwani.

Bi Sinema akawatazama. "Haya, mke mwenzangu," akamwambia mjukuu, kwa maana ndivyo walivyotaniana, "chukua gauni." Akalitoa la kwake mwenyewe sandukuni, likatundikwe mlangoni mwa maktaba. Alifanya hivyo kwa moyo mmoja, kwa kuwa alimpenda yule binti. Lakini iliuma, iliuma kuliko alivyotegemea, kwa sababu safari hii hakuambiwa hivyo na wateja bali na watu anaokula nao. Mchana ule alishona pindo likaenda kombo, akalifumua, akalishona tena, likaenda kombo upya.

Siku yenyewe ukumbi wa kusomea ulifurika. Wazee waliowahi walipata viti vya maana, waliochelewa wakapewa vile vya watoto, magoti yakafika kidevuni. Gauni lilining'inia mlangoni, na chini yake kadi iliyoandikwa vizuri: Gauni la njano, lililonakiliwa kutoka filamu iliyoupa muongo wetu sura yake. Bi Sinema aliisoma, akarudia lile neno lililonakiliwa, akaingia akakaa karibu na mumewe. Fundi Suti alikuwa safu ya mbele, ndani ya koti lake, joto liwepo lisiwepo.

Kopi ya filamu ilikuwa imefika alasiri ileile kutoka hifadhi ya mbali. Mkutubi alijaribu mwanzo tu, kupima sauti, na alipoona haina rangi alijisemea kwamba filamu za zamani pengine huanza hivyo, rangi huja baadaye kidogo.

Rangi haikuja. Mpokea simu aliunganisha watu, akaumwa na upweke, akaacha kazi, na bado dunia yake ilikuwa ya kijivu. Watu mwanzoni walivumilia. Kisha mmoja akanong'ona kwamba mtu aikoroge hiyo mashine, rangi imetuama chini. Ngazi za stesheni zikatokea, ukumbi mzima ukainuka kidogo vitini, na msichana akashuka. Gauni lilikuwa jeupe lililofifia, shingo imefungwa juu, kola hakuna, mfuko hakuna, na kabla mtu hajavaa miwani vizuri treni ilikuwa imemchukua.

Taa zilipowashwa, kila mtu alikuwa na lake. Huyu alisema wameletewa filamu nyingine yenye jina lilelile. Yule alisema ni yenyewe ila imekatwakatwa. Mkunga mstaafu, mwanamke wa kuheshimiwa, akaeleza kwamba filamu ikikaa sana ghalani huchuja kama nguo inayoanikwa juani kila siku, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Pale mbele mkutubi alisimama na karatasi zake, uso umemshuka, na mkuu wake alikuwa ukutani, mikono kifuani, anamsubiri aseme kitu.

Kwa ajili yake mwenyewe Bi Sinema pengine angebaki kwenye kiti. Kumwona mjukuu amekwama vile hakuweza. Akapiga moyo konde, akashika bega la mumewe, akasimama.

"Filamu ni hiihii," akasema. "Haijachuja, wala haijakatwa. Haikuwa na rangi tangu siku ile. Hiyo njano mnayoikumbuka mliivaa nyinyi wenyewe, na niliishona mimi."

 Babu alimtazama mkewe kutoka chini kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe. Kisha mwanamke mmoja, aliyekaa kwenye kiti cha mtoto, akainua mkono akasema kwamba na yeye ana neno. Alisema kwamba Ile Filamu hakuwahi kuiona. Baba yake alimkatalia. Gauni ndilo alilokuwa nalo, na kwa kulivaa sana na kusikia wenzake wakisimulia, ilifika mahali akaamini ameiona, hata kinasa sauti alikiambia hivyo. Wawili watatu wakainamisha macho, kwa sababu nao ilikuwa hivyohivyo.

Lakini mkunga hakukubali kirahisi. Akamwambia Bi Sinema kwa upole, vile mtu anavyomtuliza mgonjwa, kwamba kazi ya mikono yake hakuna anayeikataa. "Ila wewe ulishona tu, mwenzangu. Wazo lilikuwa la filamu."

Bi Sinema akauondoa mkono begani mwa mumewe. Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyasikia maisha yake yote, na sasa yalisemwa mbele ya mji, na mtu asiyemtakia ubaya wowote. Akaanza kutafuta kiti chake kwa mkono.

Fundi Suti akasimama. Alichukua muda, kwa sababu alifunga vifungo vya koti kwanza.

"Nilikwenda kuitazama ile kola," akasema, na hakuwaambia watu, alimwambia Bi Sinema. "Nilikaa mbele, karibu kabisa na pazia. Haikuwapo. Nikarudi tena, nikidhani imenipita. Haikuwapo. Mwisho nikaja kusimama dirishani kwako siku umekwenda sokoni, nikaichora." Akashika kifungo cha juu cha koti. "Nimekuita mwiga miaka yote hii, na nilijua."

 Mkunga aliketi polepole.

"Na bado sikuipata," akaendelea Fundi Suti, sasa kwa sauti ya chini, sauti ya kazini. "Yangu ilisimama tu. Nilipiga pasi, nikaweka wanga, ikasimama. Dada yangu, ile kola uliilazaje?"

Hakuwa amewahi kumwita dada. Bi Sinema alisikia machozi yanakuja, akayaacha yaje, na akajibu hivyohivyo yakimtiririka, mikono ikikata hewani mbele ya watu wote. Kola ina vipande viwili, alisema, cha juu na cha chini. Cha chini ukikate kidogo zaidi, kidogo sana, upana wa uzi wa kudarizia kofia, halafu ukivute kifike ulipo mwisho wa cha juu. Ndicho kinachoivuta kola ilale. Fundi Suti alipapasa mifuko ya koti mpaka akapata kalamu, akaandika kiganjani. Halafu akamwomba arudie taratibu, naye akarudia.