Koma, Sheri, Koma

Lupango letu la mtaa wa Tshopo lilikuwa na milango minane kwenye uwanja mmoja, na nyuma ya milango hiyo minane mtu asiye na usanii wowote nilikuwa mimi peke yangu. Mlango wa kwanza alikaa mchonga pembe. Wa pili, mama aliyesuka mikeka yenye michoro ya mamba. Wa tatu walikuwa watu wa maigizo, wanne, waliolia na kufa kila Jumamosi mchana, tukawazoea hata siku mmoja wao alipougua kweli hakuna aliyeinuka kwenda kumtazama. Hilo si la kuchekesha. Naliandika kwa sababu mimi pia sikuinuka. Na kuta zilikuwa nyembamba: ukikohoa, watu wa lupango la nyuma wanakuambia pole.

Mimi nilipiga chapa magunia ya kahawa bandarini. Unaweka bati lenye herufi zilizotobolewa, unapitisha burashi ya wino, basi. Kwa kuwa nilisoma miaka mitano, na herufi zangu zilisafiri hadi Ulaya, nilijihesabu kuwa mwandishi. Nilikuwa pia na daftari. Nimelifungua leo ili nisidanganye mtu. Kurasa nyingi zinasema "Mvua", nyingine "Hakuna mvua".

Siku alipohama msichana wa lupango jirani, daftari linasema "Mvua".

Baba yake alikuwa fundi wa reli, na walimhamishia Ubundu. Nilimpenda huyo msichana, nilitaka kumwoa. Nadhani naye alinipenda, maana alikuwa amesoma kwa masista miaka mingi kuliko mimi, na bado alinisikiliza. Nilimsindikiza kwa mtumbwi hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, treni inakoanzia. Akasema, "Bon, tutaandikiana." Nikasema ndiyo. Kisha nikakaa kungoja barua miezi mitano. Niliona ni haki aanze yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeondoka.

Mlango wa nne alikaa fundi wa nguo, mtu wa Kilingala, mkubwa kwangu, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani kaka. Asubuhi alikanyaga cherehani barazani, mchana palepale alipiga gitaa pamoja na vijana wawili wa ngoma. Mimi alinipa chupa tupu na msumari.

"Petit," aliniambia siku ya kwanza, "unapiga chupa sawa mutu anabisha mulango ya choo. Bon. Endelea, haizuru."

Yeye ndiye niliyemweleza habari ya barua isiyokuja.

"Fanya wimbo," akasema. "Treni inapeleka wimbo mbio kupita barua. Lakini fanya na Lingala. Wimbo ya mapenzi na Swahili, watu wanafikiri iko mahubiri."

Sisi ni watu wa Maniema, nyumbani tulisema Kiswahili. Kilingala nilikiokota njiani, na nilikionea fahari kama mtu mwenye viatu vipya. Katika Kilingala kuandika ni *kokoma*, na ukimwomba mtu aandike unasema *koma*. Ninangoja ni *nazali kozela*. Nikatunga: *Koma, sheri, koma, nazali kozela.* Andika, mpenzi, andika, ninangoja. Nilikaa nikiyatazama maneno yale nikishangaa kwamba yametoka kwangu.

Neno *koma* kwa Kiswahili nililijua tangu utotoni. Mama yangu aliniambia "Koma!" kila siku nilipotia mkono kwenye sufuria. Lakini kichwa changu kilikuwa na vyumba viwili, na nilipoingia chumba cha Kilingala nilikifunga kile kingine kwa komeo. Yaya hana kosa. Alinishauri nimwimbie mtu wa Maniema kwanza, nikakataa, nikiogopa ataniibia.

Jumapili saa tisa mchana tuliupiga mbele ya baa ya mtaa. Watu walicheza hadi vumbi likafunika miguu yao. Furaha ilinizidi, nikaipiga chupa kwa nguvu zote, hasa pale kwenye *nazali kozela*, ili wajue ni maneno yangu. Kwa hiyo hakuna aliyeyasikia. Kilichobaki masikioni mwa watu ni koma, koma, koma.

Siku ya pili yake nilimsikia mama mwenye lupango, mtu wa kwetu Maniema. Mume wake alikuwa ameingia uwanjani akinuka pombe ya masanga, na jua lilikuwa bado utosini. Mama alikuwa akitwanga ndizi za lituma. Akaunyanyua mwichi, akamwimbia usoni, "Koma, sheri, koma!" Mwenye mikeka akaitikia. Wiki haikwisha, wanawake wa Tshopo nzima walikuwa wakiwaimbia waume zao, mashemeji zao na mbuzi wao.

Mama akaniita jikoni.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Hakuna mwanamuziki alishaimba kwa ajili yetu shiye wanawake. Wakome wote!"

"Mama, ile ni kuandika."

"Kuandika nini?"

"Koma ni kuandika. Kwa Lingala. Namwambia ule mutoto wa Ubundu aniandikie."

Aliweka mwichi chini. "Weye si mutu wa Maniema?"

"Ndiyo, mama."

"Na ule mutoto, kwao wanasema nini?"

"Swahili. Ni watu wa kwetu."

"Alors," akasema, akichukua tena mwichi, "watu wa treni wanaimba hii wimbo tangu juzi. Ashasikia."

Nilikwenda kwa yaya. Alicheka hadi akalaza kichwa juu ya cherehani.

Siku chache baadaye mtu wa treni akaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na neno moja, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: *Nimekoma.*

"Ameacha," akasema mama mwenye lupango. "Pole."

"Ameandika!" akasema yaya. "Si hii karatasi? Amechanganya Swahili na Lingala sawa shiye wote. Mutu anaandika, anasema nimeandika. Voilà!"

Uwanja ukagawanyika. Wale wa mlango wa tatu waliigiza neno lile kwa namna zote mbili, na ile ya kuachwa ilipigiwa makofi zaidi. Niliona nikibaki pale nitaanza kuwapigia makofi. Nikaomba ruhusa bandarini, nikavuka mto, nikapanda treni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya reli akianika nguo. Sikujua pa kuanzia, nikauliza tu, "Umekoma nini?"

"Yote mbili," akasema. "Niliandika, ili ujue niliacha."

Nikaanza kumweleza habari ya Kilingala. Alinyoosha shuka kwenye kamba bila haraka.

"Najua. Lingala naijua kupita weye. Siku ya kwanza nilisikia wimbo, nilifahamu."

"Basi kosa langu ni nini?"

"Miezi tano. Mutu iko na daftari, iko na wino, anaandikia Wazungu ku magunia yao yote. Miye, ananiandikia na chupa."

Nikamjibu ukweli, kwamba nilikuwa nangoja aanze yeye.

"Na miye nilikuwa nangoja weye. Ni miye nilichoka wa kwanza, ni ile tu."

Hakuwa na hasira, nisimsingizie. Alinipa samaki na kwanga ya muhogo, akakaa karibu hadi nikamaliza. Mama yake alipopita na ndoo alinisalimia vizuri, halafu akaenda akiuimba wimbo wangu puani.

Ndani ya treni ya kurudi nilimwandikia, kurasa nne, barua ya kwanza ya maisha yangu. Ilianza na hali ya mvua, kisha ikaendelea vizuri kidogo. Niliituma. Hakujibu, na ni haki yake, alikwisha sema.

Jumapili iliyofuata tulipiga tena mbele ya baa. Mimi nilipiga chupa polepole sana, ili walau mara moja *nazali kozela* isikike.

Yaya akageuka. "Petit, uko mugonjwa?"

Na mama mwenye lupango, katikati ya wachezaji, mikono hewani: "Weye wa chupa! Piga na nguvu, ile Kilingala hatuitaki!"

Nikapiga.