Fundi Dakika na Miayo ya Kasuku

Kwa miaka thelathini na moja alitengeneza saa katika chumba kimoja chenye dirisha la kioo, na watu walimwita Fundi Dakika kwa sababu ukimuuliza kazi itakuwa tayari lini, alijibu, "Dakika tu." Dakika hiyo ingeweza kuchukua wiki mbili.

Mkewe alifariki mwaka jana na kumwachia kasuku wa kijivu. Ndege huyo alikuwa na sauti ya marehemu, si ya kufanana, ni ileile. Kila jua likizama aliuliza, "Baba watoto, umefunga mlango?" Fundi alivumilia siku tisa. Siku ya kumi alibeba kizimba akakipeleka dukani, akakitundika katikati ya saa za ukutani, na jioni akarudi nyumbani peke yake.

Huko dukani kasuku aliacha kusema. Akaanza kupiga miayo. Alifumbua mdomo mpana, akanyoosha shingo, akafumba. Kabla hujahesabu kumi, mwingine huo. Wateja walipata cha kuchekea.

"Fundi, hata ndege wako amechoka kuingoja saa yangu!"

Fundi alicheka nao, lakini moyoni hakuwa na raha. Kasuku alisinzia mchana kweupe, manyoya yamemtutumka, na ukimkaribia alidonoa.

Ikatokea daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye viatu vya mpira, amekuja kuchukua saa yake ya mkono. Alisimama mbele ya kizimba, saa akaisahau.

"Mzee, huyu anapiga miayo hivi tangu lini?"

"Miezi miwili sasa. Ni ugonjwa, Daktari?"

"Mwayo peke yake si ugonjwa. Kasuku hunyoosha taya, husafisha koo, na akiamka hupiga mmoja au miwili kama wewe na mimi. Ila hii ni mingi mno." Akamchungulia mdomoni na puani kwa tochi ndogo, akasikiliza pumzi zake. "Kifua ni safi. Analala wapi?"

"Hapahapa."

Papo hapo ikatimia saa sita. Saa kumi na nne za ukutani ziligonga, hakuna iliyokubaliana na mwenzake, na kasuku akaruka kwenye kijiti chake kama aliyemwagiwa maji.

Daktari alingoja kelele zikome. "Na usiku zinagonga pia?"

Fundi alizitazama saa zake ukutani. Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekutwa hana daftari.

"Ndege huyu anataka giza na utulivu kwa muda wa saa kumi, hata kumi na mbili, kila usiku," daktari alisema kwa upole. "Wewe umemlaza sokoni. Huna nyumba?"

"Ninayo. Ila anaongea kama marehemu mke wangu."

Daktari alivaa saa yake taratibu. "Basi mzee, wote wawili hamjalala."

Jioni hiyo Fundi alikibeba kizimba mpaka nyumbani. Alikiweka kwenye kona ya chumba ambacho binti yake alikiacha alipoolewa, akashusha pazia, akakifunika kwa shuka nene na kuacha upenyo wa hewa. Alikuwa anatoka kwa kunyata sauti ilipomfikia kutoka chini ya shuka.

"Baba watoto, umefunga mlango?"

Alishika fremu ya mlango. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Nimefunga, mama. Lala."

Akasikia mkwaruzo mdogo, kasuku akisaga mdomo, jambo ambalo daktari alimwambia ndege hufanya anapotulia kulala. Kisha kimya.

Wiki ya tatu miayo ilibaki miwili ya asubuhi, bawa moja likinyooshwa pamoja na mguu wa upande uleule. Binti alipopiga simu kuuliza hali, alishangaa. "Baba, leo unaongea! Siku zote ni 'mzima, mzima,' halafu unakata."

Siku hizi fundi na kasuku huenda kazini pamoja na kurudi pamoja. Juzi, duka likiwa limejaa, kasuku alianza kukoroma: mkoromo mzito, wenye filimbi mwishoni.

"Huyo amejifunza wapi?" mteja mmoja aliuliza.

Fundi Dakika aliitoa lenzi jichoni. Miaka yote ya ndoa aliapa kwamba yeye hakoromi.

"Kwa jirani," alisema, na duka zima likaangua kicheko.