Mgonjwa Aliyeitwa Mkaidi

Kwenye faili la fundi cherehani wa kitanda cha tisa kulikuwa na neno moja lililopigiwa mistari miwili: MKAIDI. Daktari wa upasuaji aliliandika siku fundi alipokataa kusaini karatasi ya kukatwa mguu, na tangu hapo kila aliyefungua faili lile alilisoma neno kabla ya kumtazama mtu. Wauguzi walimwita Mkaidi hata wakimpelekea vidonge. Ilipofika siku ya kumi na nne, kidonda cha sukari mguuni kinanuka na homa imeanza, ndipo wakubwa wakamkumbuka Bibi Maneno.

Hilo lilikuwa jina la utani. Mwenyewe alikuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari kwa miaka kumi na tisa, kisha akaomba ruhusa akarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba: namna ya kuwatibu watu wazima kwa mazungumzo, na namna ugonjwa wa mwili unavyomsumbua mtu kichwani. Darasani alikaa na vijana walio rika la kifungua mimba wake. Wenzake wodini wakasema ameacha sindano kafuata maneno, na jina likamganda. Mama mkwe wake naye hakumwacha salama.

"Yaani unasomea kuongea, mwanangu? Mbona kazi hiyo unaiweza tangu siku uliyoingia nyumba hii?"

Alicheka pamoja nao, lakini sababu yake haikuwa ya kuchekesha. Miaka yote hiyo alikuwa amewakaripia wagonjwa wa sukari, watu wazima wenye wajukuu, nao wakamwitikia "ndiyo, sista," kisha wakarudi na vidonda vilevile. Alikuwa amechoka kukaripia, na alitaka kujua alikuwa akikosea wapi.

Sasa alikuwa ukingoni mwa mafunzo ya vitendo. Chuo kilitaka saa mia tatu za kukaa na wagonjwa, kila saa isainiwe na msimamizi wake, mhadhiri mmoja aliyefika hospitalini kila Alhamisi. Zilikuwa zimebaki saa sita tu.

Daktari wa upasuaji alimsimamisha koridoni. "Wewe wa saikolojia. Yule wa kitanda cha tisa, sumu inapanda. Kamshawishi asaini. Una siku mbili, zaidi ya hapo tutazika."

"Anakataa kwa nini, daktari?"

"Si ni mkaidi tu! Sikio la kufa halisikii dawa. Tumemwambia mara nne."

Daktari akaenda zake. Bibi Maneno alibaki na hasira. Mara nne wamemwambia, na hata mara moja hawajamuuliza! Tunafundishwa tangu utotoni kuwa kuuliza si ujinga, halafu mtu akishavaa koti jeupe anaona kuuliza kutamshusha cheo.

Alimsukuma fundi kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye chumba alichopewa cha mazungumzo, ambacho kwa hakika kilikuwa stoo ya mizani mbovu na vyuma vya kutundikia dripu. Akafunga mlango, akajitambulisha, akamuuliza hali. Fundi akanyamaza, macho sakafuni. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka kama hamsini na minane, ncha za vidole zimejaa sugu za sindano. Dakika zikapita. Bibi Maneno aliuma ulimi. Zamani angeshatoa hotuba nzima kuhusu sukari na viatu vya wazi. Safari hii alisubiri, na kusubiri kulimtoa jasho.

"Dada," fundi akasema mwishowe, "wewe unajua kushona?"

"Mimi? Hata kutunga uzi kwenye sindano naomba msaada."

Fundi akacheka, kicheko cha kwanza tangu alazwe. Kisha akaeleza. Miaka thelathini na mmoja anashona kwenye cherehani ya kukanyaga, na mguu unaokanyaga ni huo wa kulia, huohuo wenye kidonda. Wakiukata, nani atakanyaga? Wanawe wawili wasichana wanasoma. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Hajui kazi nyingine.

"Wamekwambia watakata kuanzia wapi, mzee wangu?"

"Nani aniambie? Walikuja watu kumi na mbili. Wakanifunua shuka, wakaongea wao kwa wao, mmoja akasema huyu tunakata. Nikaona haya kuuliza mbele ya watu wakubwa vile."

Bibi Maneno alitamani kulia, na alitamani kumpiga mtu. Alirudi kwenye faili na kusoma ukurasa wa mapokezi. Kwenye nafasi ya kazi, karani alikuwa ameandika: hana. Ndiyo desturi yao, asiye na mwajiri hana kazi. Miaka thelathini na mmoja ya kuvisha watu, na hana kazi!

Hakumrudisha tena stoo. Alimwomba ruhusa muuguzi mkuu, akamsukuma fundi hadi chumba cha kufulia, ambako mama mmoja alikuwa na cherehani ya kukanyaga ya kurekebishia mashuka yaliyochanika. Yule mama akampisha bila maswali. Fundi aliuegesha mguu mbovu kando, akaweka wa kushoto, akakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyumenyume, uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika tena. Mara ya tatu akalisukuma gurudumu kwa mkono kwanza, akakanyaga taratibu, na cherehani ikashika mwendo. Alikunja pindo la shuka moja mwanzo mpaka mwisho, mstari umenyooka, huku yule mama akimpigia makofi. Kisha fundi akajifuta uso kwa kiganja.

"Lete hiyo karatasi," alisema.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi kulikuwa na kikao cha wodi, na msimamizi kutoka chuoni alikaa karibu na Bibi Maneno. Daktari wa upasuaji alieleza kuwa alipokipima kidonda upya, ameona atalazimika kukata chini ya goti. Wiki mbili nyuma ingetosha kukata vidole na kipande cha mbele cha unyayo. "Ukaidi wa mgonjwa umetuchelewesha," alisema. "Lakini tumpongeze mwanasaikolojia wetu, kamshawishi vizuri."

Wakapiga makofi. Bibi Maneno akasimama, na msimamizi akamvuta koti. Hakukaa.

"Mimi sikumshawishi mtu," alisema. "Nilimuuliza anafanya kazi gani. Swali hilo lilichukua dakika moja, nanyi mlikuwa na siku kumi na nne. Kwa unyayo nusu angekanyaga cherehani yake kwa mguu uleule. Aliyechelewesha hapa si mgonjwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Daktari alifunga faili na kutoka. Koridoni, msimamizi alimgeukia kwa hasira. Alisema saa ya chumba cha kufulia haihesabiki, kwa kuwa mwongozo unataka mazungumzo yafanyike chumbani, mlango umefungwa. Na kwa utovu wa adabu aliouonyesha mbele ya daktari bingwa, atarudia mafunzo ya vitendo miezi mitatu.

"Nitarudia," alimjibu. "Hata mara tano."

Alijua miezi mitatu si mchezo. Alienda moja kwa moja kitanda cha tisa. Fundi alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji.

"Chini ya goti, sivyo?" aliuliza.

"Chini ya goti."

"Na ningesaini siku ile ya kwanza?"

Angeweza kumdanganya. Kwa mgonjwa anayesubiri kisu, wengi wangesema uongo huo una thawabu. Lakini mtu huyu alikuwa ameshafichwa mengi, naye hakutaka kuongeza lake.

"Vidole, na kipande cha mbele. Kisigino kingebaki."

Fundi akaunyoosha mguu wa kulia chini ya shuka, akaukanyagisha mara mbili tatu hewani. Kisha akamgeukia, sauti ya chini, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Basi mimi ndiye mkosaji, dada. Niombee radhi kwa daktari mkubwa. Mwambie nimewasumbua sana."

Wakaja na machela, wakamchukua. Radhi ile Bibi Maneno hajaifikisha mpaka leo.