Kaka yangu alilala usingizi ukweni siku ya posa, na usingizi huo ndio uliompa mke

Wakuu, heshima kwenu wote, mlio macho na mnaosinzia kazini.

Humu nimesoma nyuzi za watu waliofukuzwa ukweni na wengine waliotoroka ukweni. Wangu unahusu mtu aliyelala ukweni, mchana kweupe, akakoroma. Nilikuwepo na daftari mfukoni. Chumvi sitaongeza, ila nikianza kucheka katikati mnivumilie.

Kaka yangu Lusajo ana miaka thelathini na nne. Ni fundi wa kuchomelea mageti pale Iyunga, kando ya barabara kuu. Mikono anayo. Maneno ndiyo yanamsumbua.

Si kiziwi wala mjinga. Tangu utotoni lugha ilichelewa kwake, na mpaka leo kuna sauti mbili mbili zinazomfikia kama moja. Umfundishe jina jipya leo, kesho limegeuka. Shuleni alichapwa kwa hilo mpaka akaamua kunyamaza.

Basi mimi mdogo wake nikawa mdomo wake. Sokoni nasema mimi, kanisani nasema mimi. Hata saluni kinyozi ananiuliza mimi, "Huyu tumnyoe vipi?"

Mwaka jana akampata Sikitu, binti wa Kilolo anayeuza mbegu za viazi Uyole. Nilimwangalia sana huyu dada. Lusajo akikwama kwenye neno, Sikitu anasubiri tu, hammalizii. Mimi miaka yote nilikuwa nammalizia.

Baba yake Sikitu ni mwalimu mstaafu, Mzee Kihwele. Siku ya kwanza tulipofika kwao, Lusajo alimwamkia, "Shikamoo Mzee Kifele." Vijana wa pale wakacheka mpaka mmoja akaegemea ng'ombe. Kaka hakufungua mdomo tena.

Hapo nikaharibu. Nikasema ana mafua. Safari ya pili nikasema jino. Ya tatu nikasema tonsesi.

Mzee akamgeukia baba yetu mdogo, ambaye ndiye mshenga.

"Magonjwa ya kijana huyu yote yako mdomoni. Mshenga nimekusikia, na huyu mdogo mtu nimemsikia mpaka nimechoka. Baada ya wiki tatu aje aseme mwenyewe anamtaka nani, na anamwomba nani. Akishindwa, mtarudi na barua yenu ya posa."

Wiki tatu wakuu. Kwa jina moja tu!

Wiki ya kwanza tulifanya mazoezi asubuhi, karakanani. Mimi nasema, yeye anarudia, kisha anasikiliza tena. Kufika saa tatu anatofautisha 'hw' na 'f' vizuri kabisa. Halafu grainda linaanza, malori yanapita, wateja wanaongea lugha nne. Jioni nikimpima, Mzee amerudi kuwa Kifele. Kwenye daftari langu siku sita zote zina alama ya kosa.

Sikitu ndiye aliyetupeleka kwa mtaalamu wa tiba ya lugha, mama mmoja mpole hapo Mbeya mjini. Alimpima Lusajo kwa muda mrefu, kisha akamwambia yeye, siyo mimi, "Kaka, una tatizo la lugha ulilozaliwa nalo. Watu wazima wengi wanalo na hawajui. Hukuwa mvivu."

Kaka akamwomba arudie hilo la mwisho.

Kisha yule mama akaeleza kuwa sauti mpya tunaishika mchana, lakini usingizi ndio unaosaidia kuipanga mahali pake. Ukishajifunza kisha ukajaza masikio maneno mengine, kile kipya kinaweza kufutika kabla hakijakaa. Akashauri mazoezi yawe jirani na kulala, na baada ya hapo asiongeleshwe. "Siahidi," akasema, "miili haifanani. Jaribuni."

Tukajaribu. Dakika ishirini baada ya chakula, kisha kitandani moja kwa moja. Nyumba nzima kimya! Mama alizima redio yake ya matangazo ya vifo, kitu ambacho hajawahi kumfanyia hata mchungaji. Akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Jirani akaja kutusuluhisha, akidhani tumegombana.

Asubuhi ya nne mama akamwamkia kama kawaida yetu Wanyakyusa, "Ugonile?" Yaani, umelala?

Lusajo akajibu, "Nimelala. Mzee Kihwele."

Mama alimwaga uji. Mimi niliweka tiki kubwa iliyotoboa karatasi. Hadi wiki tatu zinaisha tiki zilikuwa nyingi kuliko makosa, na sentensi zake tatu za posa alizisema peke yake.

Siku ikafika. Tulilala Iringa mjini, asubuhi tukapanda Kilolo na gari la kukodi. Tumevaa makoti, tunajiamini.

Tunashuka tu, Sikitu anatujia mbio. "Baba mkubwa amekuja. Yeye ndiye atakayepokea posa, lazima atajwe. Anaitwa Mzee Muhwela."

Jina jipya, siku ileile!

Lusajo akajaribu. Mufela. Tena. Mufela. Akaenda na Sikitu nyuma ya nyumba, wakarudia kama robo saa. Likaanza kukaa. Huku mbele shangazi wanaimba, watoto wanapiga kelele, baba mdogo anaongea kwa watu kumi.

Kaka akanishika mkono. "Nataka kulala."

Baba mdogo akasikia. "Mwee! Mtu hajapewa hata kiti anaomba kitanda?"

"Kidogo tu," Lusajo akasema. "Kabla halijatoka."

Shangazi mmoja wa Sikitu alicheka, akamfungulia stoo ya mahindi. Kaka akajilaza juu ya magunia, kofia usoni.

Sisi tukaingia sebuleni. Sala ikaanza. Katikati ya sala, kupitia ukuta, tukasikia mkoromo. Mzito, wa fundi wa mageti.

"Amina," akasema Mzee Kihwele. Akanitazama. "Na leo anaumwa nini?"

Wakuu, malaria ilishafika kwenye ulimi wangu. Nikaimeza.

"Haumwi, Mwalimu. Niliwadanganya mara zote tatu. Kaka yangu ana shida ya lugha tangu kuzaliwa. Jina la baba mkubwa amelisikia leo, na asipolala litampotea. Yuko stoo anajifunza."

Mkoromo ukaendelea, ukatilia mkazo maelezo yangu.

"Anajifunza," Mzee akarudia. "Basi darasa langu la mchana lilikuwa na wasomi wengi sana."

Sebule ikalipuka. Ila yeye hakucheka sana. Akasema polepole, "Nilikuwa na mwanafunzi wa hivyo. Kila siku nilimwambia rudia. Nilimchapa mno."



Baada ya kama saa nzima Lusajo akatoka na makapi ya mahindi shavuni. Akasimama mbele ya wazee.

"Shikamoo Mzee Kihwele. Mimi Lusajo. Nampenda Sikitu, naomba nimuoe." Akageuka. "Shikamoo Mzee..."

Akakwama. Sekunde moja. Tatu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Mzee Kihwele akaninyooshea kidole. "Wewe nyamaza! Tumegundua mgonjwa wa mdomo ni wewe."

Tukasubiri wote, kama Sikitu anavyosubiri.

"...Muhwela," akasema kaka.

Jamani vigelegele! Baba mkubwa alisimama bila fimbo yake. Baba mdogo aliruka na koti likachanika kwapani. Mimi nililia na kucheka pamoja, na daftari likadondoka kwenye supu tuliyoandaliwa.

Harusi imepangwa. Kiapo atasema mwenyewe, na mama ameshaongea na mchungaji ili papatikane mahali pa kulala kabla ya ibada. Mchungaji anadhani ni utani.

Nilichojifunza: niliyekuwa nadhani namsaidia, nilikuwa namziba mdomo. Na mtu mzima anayekosea sauti si lazima awe mvivu au mwenye kiburi. Mpeleke kwa mtaalamu, mpe muda, kisha mwache alale.

Kama una ndugu wa namna hii, au ni wewe mwenyewe, tuambie hapa mnaishije. Taratibu tu, hakuna atakayekumalizia sentensi.

Nikichelewa kujibu msinipigie. Niko stoo, najifunza.