Unga Mweusi Unaozaa Buluu

Ninaikumbuka bado, mwanangu, ile asubuhi tulipofungua tanuru la Muzee Cirhuza kule Nyalukemba, mtaa wa mjini kwetu kando ya ziwa, enzi za Zaïre. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikazurura hadi Uvira na kurudi, nikiuliza kila kitu njiani. Muzee akanifundisha kufinyanga vyungu. Baadaye akaja Bahati, kijana wa Bagira, mdogo wangu kwa umri. Bakuli zake zikawa zinatoka motoni buluu kama ziwa la kiangazi. Zangu zilitoka kijivu kama maji ya kuoshea sahani.

Na unga ulikuwa mmoja: oksidi ya kobalti, nyeusi kama masizi, iliyotoka jimbo la Shaba. Tuliuchanganya katika uji wa mchanga na majivu, ule unaoyeyuka motoni ukawa kioo juu ya chungu. Macho ya Muzee yalikuwa yanachoka, naye alikwisha sema kwamba mmoja wetu atakabidhiwa kopo la unga na kazi yote ya rangi. Nililitaka kopo lile kuliko chakula. Kila mama mnunuzi aliposema, "Munipe ya Bahati," kifua changu kiliwaka pilipili. Hasidi hana sababu, mwanangu, hujitafutia. Mimi nilijitafutia hii: Bahati ana unga mwingine, wa buluu, anauficha.

"Yaya, ya buluu haiko," alicheka nilipomwuliza; yaya ndivyo kwetu huitwa mkubwa wako. "Iko hii nyeusi tu. Unaisaga na jiwe mupaka inakuwa laini."

"Unanifanya mupumbafu? Nyeusi itazaa buluu?"

Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza ukiwa umeshajijibu ni ujinga wa kujitakia. Sikusaga. Nilikoroga kwa kijiti kama siku zote, na ili nimpite, nikaongeza unga, nikaongeza tena.

Basi tanuru likafunguliwa. Majagi ya Bahati, buluu. Yangu, meusi tititi, yametoka malengelenge kama ngozi iliyoungua.

Nikapiga kelele: "Bahati, weye uliniwekea dawa!"

Neno hilo mjini kwetu halichezewi. Linaweza kumhamisha mtu mtaa.

Muzee alipapasa jagi langu kwa kidole. "Dawa haiko hapa," akasema. "Huu unga ni chuma chenye kushika pumzi. Moto ukiuchoma, unatema pumzi kidogo; yenye inabaki inayeyuka mu kioo, inakuwa buluu. Ukiweka kidogo bila kusaga, inazama chini ya ndoo, chungu kinapata maji tu. Ukijaza, kioo kinashindwa kuimeza yote, inabaki nyeusi, na pumzi inapasua ngozi. Unga ni ule ule, mutoto wangu. Weye uliongeza roho yako."

Kisha akajaza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika jagi lile baya. Desturi yetu unaijua: anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. "Onja, umupe mwenzako," akaniambia.

Sikunyoosha mkono. Ningeonjaje, na nimeshasema mna dawa?

Bahati akalichukua. Akanywa funda refu, akafuta midomo, akanipa. "Kunywa, yaya. Kama sumu iko, imeshaanza na mimi."

Nikanywa. Ilikuwa tamu, na utamu ule uliniuma kuliko aibu, maana hata kwa moyo alinishinda. Kopo alipewa yeye. Mimi nikapanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Idjwi.

Miaka ilipita ndipo nikafika nyumbani kwa Bahati, Bagira. Jagi jeusi lilikuwa mezani, ndilo walilonywea yeye na watu wa nyumbani mwake. Nikalionea wivu hata hilo, kwamba limekaa naye miaka yote na mimi sikukaa.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba wivu unaisha. Kikulacho ki nguoni mwako, nami hadi leo navaa nguo ile. Lakini wivu uwe kidogo, na uusage: mwendee unayemwonea wivu, umwulize afanyavyo, na ukae usikilize jibu. Usiujaze, utakupasua. Na akikupa kikombe alichokwisha kuonja, kunywa, halafu usikimbie kama mimi. Keti.

Mungu akupe moto wa kukutosha, na mwenzako wa kukuonjea.